Baada ya Amina Hakuna Mjadala

Mtaani walimwita Mama Magodoro. Mimi nilimwita mama, kwa kuwa nilikuwa mke wa mwanawe na sikuwa na la kufanya. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye pamba kwenye nyusi tangu asubuhi hadi jioni, na mchana kutwa hasemi kitu. Ungeweza kufanya naye kazi toka karakana inafunguliwa mpaka inafungwa asikutupie hata neno moja la lawama. Ukikosea mshono anaufumua mwenyewe, anaushona upya, anakurudishia sindano. Wateja wakimwona hivyo walikuwa wananivuta pembeni na kuniambia nimebahatika, nimepata mama mkwe mpole. Nilikuwa nawaangalia tu. Jioni hawakuwepo.

Jioni, kazi ikiisha, kabla mtu hajaonja chakula, nyumba nzima ilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya karakana, katikati ya marobota ya pamba, na mama mkwe akaanza kumwambia Mungu habari zetu.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kwao. Aliipokea kwa baba yake, na baba yake aliipokea kwa baba yake, na walijivunia kwamba haikuwahi kulala hata jioni moja. Mwenye nyumba anaomba kwa sauti. Anamtaja kila mtu wa nyumba kwa zamu, jina lake na kosa lake, huku wengine mmefumba macho na midomo. Hujibu. Hujitetei. Kikohozi unakimeza. Akimaliza walio hai anaingia kwa waliokufa, na hao anawataja kwa mema yao tu. Kisha Amina. Na baada ya Amina hakuna mjadala, maana kilichosemwa mbele ya Mungu kimeshafika kwa mwenyewe, binadamu hana la kuongeza. Mnainuka, mnakung'uta magoti, mnakula.

Jioni yangu ya kwanza katika nyumba ile nilifumba macho kwa adabu zote, bado nina hina ya harusi mkononi, nikasikia sauti yake kavu: "Ee Mungu, umetuletea bi harusi, nawe ndiye unayejua kwa nini. Mfundishe kwamba chumvi haitiwi kwa koleo."

Nilitaka kucheka, na papo hapo nikataka kulia. Mume wangu akanifinya kidole. Tulipoinuka, mama mkwe akanipakulia mboga, akanisogezea kiti, akaniuliza kama nimechoka. Nikajaribu kusema, mama, kuhusu ile chumvi. Akanitazama kana kwamba nimevua nguo mezani. Mume wangu akaniambia kwa upole, "Imekwisha kusemwa." Basi toka siku hiyo nikawa nafumbua jicho moja wakati wa maombi. Niliona kama ninasemwa, angalau nimwone anayenisema. Na jina bi harusi halikunitoka, hata nilipokuwa na watoto wanne na meno mawili yameshang'oka.

Wafu ndio walikuwa na raha. Baba mkwe wangu, nisimseme sana, alikuwa mlevi wa kupindukia. Akiwa hai, jioni zote aliorodheshewa chupa zake mbele za Mungu kama mtu anayesomewa mashtaka. Alipokufa, jioni ile ile akawa mume mtaratibu, mcheshi, aliyependa watoto. Nilisikia kwa masikio yangu. Na mama mkwe alikuwa akilia machozi ya kweli akimsifu, wala hakuwa anaigiza.

Sasa kazi yetu. Tulikuwa tunashona magodoro ya pamba, na zaidi ya kushona mapya tulikuwa tunafufua yaliyochoka. Mteja analeta godoro limebonyea, tunalifumua ubavuni, tunaitoa pamba, tunaianika uani, tunaipiga kwa fimbo mbili mbili mpaka inafura, kisha tunaishindilia ndani ya kitambaa kipya cha mistari na kulifunga kwa sindano ndefu na uzi wa katani. Ni kazi ya vumbi. Pua inajaa, kifua kinajaa, hata mate unayotema yana nyuzi. Lakini mama mkwe alikuwa na kipaji cha ajabu. Akilifumua godoro tu, anakwambia mambo ya mwenyewe. Huyu mzee analala ukingoni kabisa, mkewe amemfukuza katikati. Huyu kijana mkubwa bado anakojoa. Hawa wawili hawasemezani, tazama katikati palivyotuna. Alikuwa hakosei. Na kwa kuwa mchana hasemi, aliyaweka yote mpaka jioni akampelekea Mungu, nasi tuko pale tunasikia, na mafundi wa kike wawili waliotusaidia wako pale wanasikia. Kesho yake asubuhi mtaa mzima unajua nani anakojoa. Mama mkwe alikuwa anashangaa kwa dhati. "Mimi nimemwambia Mungu tu," anasema.

Kabla sijafika kwa wifi yangu, lazima niseme jinsi mama mkwe alivyozaliwa, maana lisipojulikana hilo mtu atadhani alikuwa na roho mbaya ya bure. Alizaliwa katikati ya maombi. Mama yake alikuwa amepiga magoti jioni, uchungu ukamshika, baba yake ndiye aliyekuwa anaomba. Hakukatisha. Na mwanamke yule hakuinuka. Alishika mguu wa meza, akauma kanga yake, akazaa hapo hapo sakafuni, na alipopata kutazamwa, baada ya Amina, damu yote ilikuwa imemwisha. Mama mkwe alikuwa anatusimulia habari hiyo kwa fahari, uso umemng'aa. "Mama yangu hakuinuka," anasema, huku anapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila hata kutetemeka. Mtoto aliyeambiwa hivyo tangu hajui kutembea, utamwambia nini kuhusu kuinuka kabla ya Amina?

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyekuwa fundi bora pale ndani. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mishono yake imenyooka. Na alikuwa mcheshi. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano ile ndefu bila kujidunga, ndiye aliyenifundisha pia kumeza kicheko wakati wa maombi kwa kuuma shavu kwa ndani. Tulipendana. Alikuwa amechelewa kuolewa na mama yake alishamweleza Mungu hilo mara nyingi kupita kiasi.

Kila mwaka kazi ikipungua tulikuwa tunafufua magodoro yetu wenyewe. Mwaka ule mama mkwe alianza na la wifi. Wifi alikuwa analala peke yake, chumba cha uani. Mimi nilikuwa nashikilia kitambaa, mama mkwe anafumua. Akafungua ubavu, akaingiza mkono, akautembeza taratibu kutoka ukuta mmoja wa godoro mpaka wa pili. Akarudia. Pamba ilikuwa imekandamizwa mahali pawili, ubavu kwa ubavu. Hata mimi niliona, na sikuwa na kipaji. Akaibeba ile pamba mpaka uani akaipiga kwa fimbo mpaka jua likashuka, akiipiga peke yake, hataki msaada. Nilimtafuta wifi nimwonye. Alikuwa amekwenda kupeleka mito kwa mteja, akarudi watu wameshapiga magoti.

"Ee Mungu," mama mkwe akasema, "binti yangu wa kwanza analala peke yake. Ndivyo anavyotuambia. Lakini godoro lake limelala watu wawili. Wewe unamjua huyo wa pili, na unajua kama watu wa kwao wanalijua jina lako. Mvue binti yangu uso wake mkavu. Mwonyeshe alivyo mchafu."

Nilikuwa nimefumbua jicho langu moja. Nikamwona wifi amefumbua yote mawili. Akainuka. Pamba zimemganda magotini, hajazikung'uta. Akasema, wala hakupaza sauti, "Mama, niambie mimi. Mimi niko hapa."

Mama mkwe hakufumbua macho. Aliendelea, akamtaja mume wangu na uvivu wake, kama vile kilichosemwa ni mlango umelia. Wifi akasimama, akasubiri. Naapa alisubiri. Mama mkwe alikuwa ameshafika kwa mafundi wetu wawili ndipo wifi alipogeuka akatoka nje. Amina ikasemwa hayupo. Tukala.

Hakufukuzwa. Hilo nataka lieleweke, maana mama mkwe alilisema mara moja tu na kwa ukali: hakuna aliyemfukuza. Alichofanya ni kuacha kumtaja. Jioni iliyofuata alianza na mwanawe, mume wangu, kana kwamba ndiye kifungua mimba. Na katika nyumba ile asiyetajwa hayupo. Sahani yake haikuwekwa. Chumba chake cha uani akapewa fundi mmoja. Lile godoro halikurudishiwa pamba yake; mama mkwe aliigawa kwenye mito ya wateja, konzi kwa konzi, watu wakaenda kuilalia bila kujua.

Huyo wa pili alikuwa fundi redio wa mtaa wa nne kutoka kwetu. Mtu mwema, simdanganyi mtu. Alimwoa wifi mbele ya mashahidi. Kwao hawakuwa watu wa kuomba. Alikuwa anatania kwamba magoti yake ni ya kutembelea tu. Nilikuwa nachepuka kwenda kuwasalimia, nikidai nakwenda kununua uzi, na jioni Mungu aliambiwa kwamba bi harusi siku hizi uzi anaununua kwa safari ndefu. Walikaa vizuri. Mtoto hawakujaliwa. Kisha fundi redio akaugua akafa, na mama mkwe hakwenda mazikoni, wala hakuuliza.

Ni baada ya msiba huo ndipo wifi alipoanza kuja. Mlango wa karakana huwa tunauacha wazi jioni ili vumbi litoke. Siku moja tumeshapiga magoti, nikamwona kwa jicho langu amekuja na gauni lake jeusi, akapiga magoti nje, kwenye kizingiti, palipo na kokoto. Hakuvuka. Mama mkwe akaomba, akamaliza walio hai, akamaliza waliokufa. Wifi akaitikia Amina nasi, akainuka, akaenda zake. Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Mvua ikinyesha anajifunika gunia. Miaka ikapita hivyo, jamani. Magoti yake yakafanya sugu nyeusi. Watu wa mtaa wakazoea, wakawa wanampita pale kama wanavyopita nguzo ya umeme. Na mama mkwe hakuufunga mlango, wala hakumwangalia, wala hakumtaja hata mara moja.

Nilimfuata kwake nikamkalisha chini. "Wifi, unatafuta nini pale mlangoni?"

"Nataka anitaje."

"Akutaje akuseme nini? Mimi nimetajwa maisha yangu yote ya ndoa, nakupa zamu yangu bure."

Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Hata anitaje kwa kunitukana. Hata aseme nimeoza. Nataka amwambie Mungu kwamba mimi nipo."

"Mungu hajui?"

"Nimejaribu kuomba mwenyewe humu ndani, wifi. Nasikia ninaongea na ukuta. Sisi tumelelewa hivyo, Mungu tulimjua kwa sauti ya mama. Mtu asiyetajwa na mama, hata sijui anaanzia wapi." Akanishika mkono. "Kabla hajafa. Hicho tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kumtosha mtu kuvunja vyombo. Ningekuwa mimi ningeshamwendea yule bibi mchana kweupe nikamwambia ukweli wake. Lakini ndiyo hivyo nasema tu. Nilikuwa na watoto wanne wanaokula kwenye karakana ile.

Kifua cha mama mkwe kikaja kudai haki yake. Pamba ya maisha yote ilikuwa imejaa mle. Kwanza akawa hawezi kupiga fimbo, kisha hawezi kushona akiwa ameinama, mwisho akawa wa kulala, tukamtandikia hapo hapo karakanani, kwenye kona, kwa kuwa alikataa kutolewa mahali pa maombi. Mimi na mume wangu tulikuwa na kazi, watoto wako shule, nani amgeuze, nani amwoshe? Wifi akavuka kizingiti. Hakuomba ruhusa na hakukatazwa. Akaweka kikapu chake chini, akachemsha maji.

Na yule mgonjwa akamkubalia mikono, jina akamnyima. Wifi anamlisha, yeye ananiita mimi niliye upande wa pili wa chumba: "Bi harusi, mwambie huyo mwenye kijiko uji una moto." Wifi anamgeuza ubavu: "Bi harusi, huyo ana mikono ya baridi." Wifi mwenyewe yuko hapo, kichwa cha mama yake kimemlalia kifuani. Nilikuwa najibu kwa nguvu, "Mwambie mwenyewe, mama, ana masikio." Mama mkwe anafumba macho. Jioni Mungu anaarifiwa kuhusu ulimi wangu.

Ikafika wakati pumzi haimtoshi kuomba kwa sauti. Kwa desturi yao kifungua mimba ndiye angeshika nafasi. Mama mkwe akamwonyesha mume wangu kwa kidole. Sasa mume wangu ni mtu mzuri, nimezaa naye, lakini mbele ya mama yake alikuwa maji mtungini. Nilimbana siku hiyo mchana tukiwa tunashindilia godoro, yeye ameshika upande huu na mimi ule.

"Leo unaomba wewe," nikamwambia. "Mtaje dada yako."

"Mama atasikia."

"Ndiyo maana. Asikie."

"Hujui unachosema. Dada aliinuka."

"Aliinuka, na amepiga magoti kwenye kokoto miaka mingapi? Hawezi kuzaliwa upya. Jina moja tu. Nani atakuua?"

Akashindilia pamba konzi mbili tatu. Macho yalikuwa yamemlowa. "Sawa," akasema. "Nitamtaja."

Nikamnong'oneza wifi. Sikupaswa, lakini ningejizuiaje? Akaenda kunawa uso, akabadilisha kitambaa cha kichwa.

Jioni tukapiga magoti, wifi safari hii ndani, ubavuni mwangu. Mume wangu akaanza. "Ee Mungu, dada ya—" Kwenye kona, mama mkwe alikuwa na kikombe cha bati. Akakigonga na kijiko mara moja. Basi. Kilio kidogo cha bati, hata paka asingeshtuka. Mume wangu akalikatisha neno, kisha akasema, "Ee Mungu, mke wangu na watoto wangu." Akaenda moja kwa moja mpaka mwisho. Wifi akaitikia Amina kwa sauti safi. Baadaye nilimkuta uani anamfariji mdogo wake, anampapasa mgongo, anamwambia si kosa lake. Mimi mume wangu sikumsemesha mpaka Jumapili.

Mwisho wenyewe ulikuja hivi. Siku moja mama mkwe aliamka ana nguvu. Alikunywa chai, akaomba tumchane nywele, akasema jioni ataomba mwenyewe. Wote tulijua maana ya nguvu za namna ile. Kutwa nzima wifi hakukaa kitako. Alimbadilisha shuka, alifagia, alinyoosha gauni lake lile la mazishi ya mumewe kwa kuwa ndilo lilikuwa zuri. Nilikuwa naogopa kutumaini kwa niaba yake.

Tulimwinua, tukamwegemeza kwenye robota la pamba. Akatutazama wote tulivyopanga magoti, kisha akafumba macho akaanza, pumzi kidogo, maneno kidogo. Akamtaja mume wangu, kwamba ni mwoga. Hapo niliitikia moyoni. Akanitaja mimi, kwamba ninafumbua jicho moja toka siku niliyoolewa nikidhani hajui. Nilishtuka nikalifumba. Akawataja wanangu, kila mmoja na lake. Akawataja mafundi. Nikasikia pumzi ya wifi imesimama. Mama mkwe akapumzika, akavuta hewa, akaingia kwa waliokufa.

Jicho likafumbuka lenyewe. Alimtaja babu yake, mtu wa haki. Alimtaja baba yake. Alimtaja mama yake, ambaye hakuinuka. Alimtaja mumewe mcheshi. Kisha akafumbua macho yake, akamtazama wifi uso kwa uso, wako karibu kiasi cha kugusana, na akamtaja. Jina lake kamili, la ubatizo, ambalo mimi sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake kwa wema.

"Na binti yangu wa kwanza," akasema, "uliyemchukua akiwa bado kijana. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa akicheka nyumba inachangamka. Sikupata mwingine kama yeye. Mpumzishe, Baba. Mpumzishe mahali pema."

Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni. Mtu asije akaniambia akili ilikuwa imemruka. Nilikuwa namwona. Alikuwa anajua anamtazama nani, na alikuwa anampenda, na alimzika hapo hapo mbele ya macho yetu. Akasema Amina. Aliyeitikia kwanza alikuwa wifi.

Nilimvuta uani. "Umesikia alichokufanyia?"

"Amenitaja."

"Amekuzika, wifi. Uko hai amekuzika."

"Amesema sikupata mwingine kama yeye. Ulisikia? Alisema hivyo." Alikuwa anatabasamu, pua inamtiririka, anajifuta kwa mkono kama mtoto. "Maisha yangu yote hajawahi kunisema vizuri."

Nikarudi ndani nimwulize yule mwanamke, iwe iwavyo. Alinitazama akainua kidole chake kimoja, chenye sugu ya sindano, akakitikisa. Amina ilikuwa imeshasemwa. Alikufa keshoye, wifi akiwa amemshika.

Tulipotoka kuzika, jioni, tukapiga magoti. Sasa mwenye nyumba ni mume wangu. Niliwaza, haya, amekwenda, hakuna tena wa kugonga kikombe. Akatutaja mimi na watoto, kwa haya, makosa madogo madogo. Akawataja mafundi. Akaingia kwa waliokufa, akawapanga vilevile mama yake alivyowapanga, babu, baba, mama, mume. Akamwongeza mama yake, mcha Mungu, mwenye subira. Akasita. Kisha akamtaja dada yake, jina kamili, mkono mwepesi, kicheko, mpumzishe mahali pema. Neno kwa neno. Na huyo dada mtu yuko hapo, bega lake limegusa langu, nalisikia joto lake.

Nikainuka. Sikukusudia, miguu iliinuka yenyewe. Wanangu wakafumbua macho, mume wangu akakwama katikati ya neno, na mimi kinywa nimeshakifungua, nina maneno ya miaka yote hiyo yamejaa mpaka kwenye meno.

Wifi akaishika sketi yangu kwa chini, akaivuta kwa nguvu.

"Piga magoti," akaninong'oneza. "Usiniharibie. Ndiyo kwanza nimetajwa."

Nikapiga magoti. Mume wangu akalimalizia lile neno, tukaitikia Amina, na wifi akainuka kutupakulia chakula.